Kipindi na Ridhaa: Maneno Mawili ya Mpira na Historia ya Kazi, Yakitazamwa Kutoka Ufipa

Neno kipindi lina maana kadhaa katika Kiswahili: muda fulani wa siku, muda wa somo moja shuleni, na nusu ya mchezo wa mpira. Maana hizi mbili za mwisho hazikukutana kwa bahati. Zote ni za ulimwengu wa kengele na saa, na ulimwengu huo ulikomaa viwandani kabla haujafika kiwanjani. Hata maneno kiwanda na kiwanja ni ya ukoo mmoja na uwanda, yaani mahali palipo wazi.

Waingereza walikuwa na michezo ya mpira karne nyingi kabla ya mashine. Kijiji kilipambana na kijiji mchana kutwa, wachezaji bila idadi. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliagiza kwamba wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi, na polepole wanaume nao wakapata nusu siku hiyo. Kwa mara ya kwanza maelfu ya watu wa mji mmoja walikuwa na faragha kwa saa zile zile, na senti chache za kulipia kiingilio. Chama cha mpira kilichoundwa London mwaka 1863 kilikuwa cha mabwana waliosoma katika shule za gharama. Lakini mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu yenye wafumaji na wafanyakazi wengine wa viwandani, iliwashinda Old Etonians katika fainali ya kombe. Mwaka 1885 malipo kwa wachezaji yakaruhusiwa. Ligi ilipoanza mwaka 1888, timu zake 12 zote zilitoka Lancashire na nchi za viwanda za katikati; London haikuwa na hata moja.

Ufipa nayo ilikuwa nchi ya viwanda, kwa maana ya zamani ya neno hilo. Matanuri yake marefu ya kuyeyushia chuma, yaitwayo malungu, yalizidi kimo cha mtu, na mabaki yake yangali yakionekana katika nchi ya Nkasi. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, kisha kikafuliwa majembe. Lakini kazi ile ilipimwa kwa tanuri, si kwa saa: ilikwisha chuma kilipopatikana. Mhunzi hakuuza muda wake kwa mtu. Kwa hiyo hakuwa na muda mwingine wa kuuita wake. Mahali pasipo na saa ya kazi hapana kipindi cha kwanza wala cha pili, ingawa michezo na ngoma zimejaa tele.

Saa ilifika Ufipa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kengele ya misheni na shule, katika vituo kama Kate. Ya pili ni miguu ya vijana waliokwenda kutafuta kazi katika mashamba ya katani ya Tanga, dhahabu ya Lupa na shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko mtu alihesabiwa siku zake 30 juu ya kipande, na akajua Jumapili ni nini hasa.

Mahali pengine mwajiri mwenyewe aliingia uwanjani. Kombe la Gossage, lililoanza kushindaniwa na Kenya na Uganda mwaka 1926, na Tanganyika mwaka 1945, lilichukua jina la watengenezaji sabuni wa Uingereza. Timu ya Dar es Salaam iitwayo leo Simba ilijiita Sunderland, jina la mji wa makaa na merikebu, hadi mwaka 1971. Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Mtibwa Sugar: haya ni majina ya kazi kabla ya kuwa majina ya timu. Sumbawanga haijafikiwa na reli hata leo, wala haikupata kiwanda kikubwa cha kuipa timu jina na mshahara.

Hapo ndipo neno la pili linapoleta shida. Kiswahili humgawa mchezaji kuwa wa kulipwa au wa ridhaa. Waingereza, kwa mchezaji asiyelipwa, walikopa kwa Wafaransa neno lenye maana ya mtu apendaye. Ila upendo huo ulikuwa na mlango na bawabu. Kanuni za mashindano ya makasia ya Henley za mwaka 1879 ziliwakatalia mafundi na vibarua, hata wasiolipwa senti kwa kupiga makasia. Mwaka 1895 timu za ragbi za kaskazini zilijitenga kwa sababu zilinyimwa ruhusa ya kuwafidia wachezaji ujira waliopoteza kwa kuacha kazi. Kutolipwa, basi, kulikuwa cheo cha wenye nafasi.

Neno ridhaa limefuta historia hiyo yote, na pengine ni heri. Lakini limeingiza kosa jingine, maana ladokeza kwamba mtu amechagua. Kijana wa Kate atokaye shambani akacheza mechi ya saa kumi alasiri, saa iliyowafaa watu wa ofisi, huitwa mchezaji wa ridhaa kwa kuwa hapana wa kumlipa. Mtunga kamusi aandikaye “kwa hiari, bila malipo” ameeleza sehemu ya pili vizuri. Ya kwanza ameikisia.