Fahamu: Kwa nini flashi yenye mafaili mengi huwa nzito

Mpiga picha anayekusanya picha za vyungu vya Wakisi katika soko la Lyulilo, jirani na Matema, anaweza kushangaa: flashi bado ina nafasi tele, lakini folda inachukua muda kufunguka. Shida ni idadi ya mafaili. Kununua flashi kubwa zaidi ni kupoteza hela tu.

Katika FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili unaotumika kwenye flashi nyingi, orodha ya folda haijapangwa. Kompyuta huipitia jina baada ya jina mpaka ilipate inalotafuta. Orodha ya folda moja haizidi nafasi 65,536 za majina, na jina refu hula kadhaa. NTFS, mfumo mwingine wa Windows, hupanga majina kwa muundo wa mti, hivyo hutafuta haraka. Kwa FAT32, gawa picha kwa folda za kila mwezi.