Fahamu: Picha ya setilaiti ya Kilosa na Mikumi inavyogeuzwa kuwa namba

Mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika na kuharibu Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe. Leo, anayetaka kujua maji yamefika wapi anaweza kuangalia kutoka angani: setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa 2015, hupita juu ya Kilosa na Hifadhi ya Mikumi kila baada ya siku chache, na picha zake ni bure.

Ila faili huja likiwa limebanwa kwa mfumo wa JPEG 2000, na programu nyingi za kukokotoa hutaka namba tupu, pikseli baada ya pikseli. Programu huria ya GDAL hulifungua kwa amri moja (jina la faili nimelifupisha, la asili ni refu mno):

gdal_translate -of ENVI B08.jp2 B08.raw

B08 ni mkanda wa infraredi. Maji humeza mwanga huo, hivyo namba zake huwa ndogo. Majani mabichi huurudisha kwa wingi.

Andaa nafasi. Picha ina pikseli 10,980 kwa 10,980, kila moja baiti 2: jumla megabaiti 241 kwa mkanda mmoja. Pembeni huzaliwa kifaili cha .hdr chenye upana na urefu wa picha. Usikifute, maana faili ghafi lenyewe halina taarifa hizo.

Wakati wa masika mawingu huziba kila kitu. Hapo chukua picha za rada za Sentinel-1, maana rada hupenya mawingu.