Mtoto Anataka Kusomea Sanaa Mlimani

Katika parokia za pembezoni mwa jiji letu, kuanzia Mbagala hadi Bunju, tumelikuta swali hili zaidi ya mara moja. Kijana amemaliza kidato cha sita, anaimba kwaya, anachora vizuri; anasema ataomba kusomea sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama ananyamaza. Baba anauliza: “Miaka 3 ya kujifunza kucheza ngoma?” Kisha anaulizwa frateri aliyekuja kwa utume wa mwisho wa juma, na tukiri kwamba baadhi yetu tumejibu ovyo, kana kwamba sanaa ni jina jingine la uhuni.

Tueleze basi. Mlimani sanaa ni masomo ya shahada kama mengine. Mwanafunzi wa maonyesho anasoma historia na nadharia, anaandika insha na kufanya mitihani. Lakini pia anaigiza, anaongoza waigizaji, anatunga. Wa muziki anajifunza kusoma na kuandika nota pamoja na ala za asili. Wa uchoraji na uchongaji huumia zaidi mfukoni, kwa sababu rangi na turubai hazinunuliwi mara moja zikaisha. Mzazi alijue hilo mapema.

Tena si jambo la jana. Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, juu ya Vita vya Majimaji, mwaka 1969, akiwa mtu wa chuo hichohicho. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walifundisha hapo, wakawa maprofesa. Upande wa uchoraji yupo Elias Jengo.

Kazi moja yao inatuhusu sana sisi wa uchungaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasanii wa chuo walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakasikiliza shida zao, na shida iliyojitokeza ilikuwa mimba za wasichana wadogo. Wanakijiji wenyewe wakaitungia michezo na ngoma, wakaicheza mbele ya wenzao, kisha wote wakajadili. Jambo ambalo mkutano wa kawaida ungelifunika kwa aibu likasemwa hadharani. Nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye jumuiya ndogondogo ambayo kila mtu anajua tatizo na hakuna anayelitaja?

Kanisa nalo halijaacha jambo hili pembeni. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya mwaka 1963, katika namba 129 inaagiza kwamba wanaojiandaa kuwa makleri wafundishwe historia ya sanaa takatifu wakati wa falsafa na teolojia. Maana yake, anayemcheka kijana wa Mbagala huenda hajasoma somo lake mwenyewe.

Hofu ya ajira ni ya kweli, wala tusimdanganye mzazi. Shahada hii haina ofisi inayomsubiri mhitimu. Wengine hufundisha, wengine huingia redioni, kwenye filamu au miradi ya jamii. Wengine huhangaika kwa muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya kuomba, kijana aende Mlimani siku ya onyesho la wanafunzi, na baba aende naye. Wakae viti vya mbele, na wakitoka wazungumze njiani kabla hawajafika nyumbani.