Mizani Isiyomjua Mzazi

Mwanamke anapojifungua, wazee wetu humtunza siku arubaini. Hukandwa kwa maji moto, hupewa uji wa pilipili manga, wala hapana amwulizaye uzito wake. Lakini mwanamke aliye askari katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani hujua kwamba siku ya mizani itamfikia.

Katika jeshi hilo, uzito wa askari ulilinganishwa na kimo chake. Kwa miaka mingi, mwanamke aliyezidi kiwango alipimwa kwa tepu shingoni, kiunoni na nyongani, kisha mafuta ya mwili yakakadiriwa kwa hesabu. Wa miaka 17 hadi 20 hakutakiwa kupita asilimia 30. Aliyetimiza 40, asilimia 36. Aliyeshindwa alizuiwa kupandishwa cheo, na asipopungua aliweza hata kuachishwa kazi.

Nia yenyewe si mbaya. Mafuta yakizidi huuchosha moyo na magoti, na huweza kuleta kisukari. Madhara huja pale hofu inapotawala. Wako askari ambao, siku ya kupimwa ikikaribia, hujinyima chakula na maji, hunywa dawa za kuharisha, au hujifungia kwenye joto watoke jasho. Kinachopungua hapo ni maji, si mafuta. Kichwa huzunguka, figo hutaabika, na mwenye kurudia mwendo huo huweza kuingia katika maradhi ya kula, ambayo ni ya nafsi kama yalivyo ya mwili. Naye huenda akamficha daktari, akihofia riziki yake.

Mzazi ndiye aliyebanwa zaidi. Anyonyeshaye huhitaji chakula na maji zaidi ya kawaida. Akijikondesha kwa pupa, nguvu humwishia na maziwa huweza kupungua. Hata hivyo, hadi mwaka 2022 alipewa siku 180 tu baada ya kujifungua kabla ya kurejeshwa kwenye vipimo. Aprili mwaka huo jeshi lilizifanya siku 365.

Mwaka 2023 tepu nayo ilibadilishwa, ikawa kipimo kimoja tu, usawa wa kitovu. Tena, askari aliyepata alama 540 kati ya 600 katika mtihani wa mazoezi, bila kupungukiwa na 80 katika zoezi lolote, alisamehewa kipimo cha mafuta. Jeshi lilikiri kwamba mwenye misuli mizito si lazima awe mgonjwa.

Basi nasi tulio na mizani majumbani tuzingatie. Namba haielezi kama uzito ni wa misuli, wa maji au wa mafuta, wala haijui kama mwenye kupimwa ananyonyesha. Kabla ya kumwambia binti au mke, “Umenenepa,” tumwulize kwanza: walala vyema? Wala vyema? Nguvu unazo?