Mzimu Haukuua: Funzo la Bwana Msa kwa Familia Zetu

Hadithi za mauaji zilizochanganywa na majini, mizimu na wachawi zinapendwa mno na vijana wetu. Hapa Kibuta, kama ilivyo kwingineko Kisarawe, husimuliwa barazani baada ya sala ya Isha, na siku hizi husikilizwa hata kwenye simu. Baadhi ya wazazi huzikataza zote kwa jumla. Kabla ya kukataza, yafaa tumtazame mwandishi aliyeifungua njia hii katika Kiswahili.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Humo tajiri mwenye mashamba anakutwa ameuawa penye mzimu, na hofu inatanda. Ndipo anapoingia Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, pamoja na sahibu yake Najum. Msa hatafuti kafara wala ramli. Anatafuta ushahidi, na ushahidi unamfikisha kwa mwanadamu.

Kitabu kilichofuata, Kisima cha Giningi (1968), nacho kimechukua jina la mahali ambapo masimulizi ya Unguja husema ndipo wachawi wanapokusanyika. Msomaji huvutwa na hofu, kisha hufundishwa kufikiri.

Sisi Waislamu tunaamini kwamba majini wapo. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao. Lakini kuamini kuwapo kwao si ruhusa ya kuwabebesha kila maiti, wala ya kumnyooshea kidole jirani. Surat al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na aya ya 12 yatuonya na dhana mbaya.

Maonyo hayo si ya vitabuni tu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja, watu wakakesha nje kwa makundi. Mjini Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili akauawa na umati uliodhani kuwa ndiye. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, wekundu ambao moshi wa kuni wa miaka mingi watosha kuuleta. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamekatwa viungo kwa ahadi za utajiri kutoka kwa waganga. Katika misiba yote hiyo jini alitajwa, au uchawi. Panga lilishikwa na mtu.

Basi, mzazi, usiishie kumnyang'anya mwanao kitabu au simu. Kaa naye, msome pamoja, umuulize: Nani kaona? Nani anashuhudia? Nani anafaidika na hofu hii? Hadithi inayomalizika kwa mganga kumtaja mchawi, na wasikilizaji wakaridhika bila ushahidi, hiyo ndiyo ya kukemewa. Inayomfunza kijana kusubiri ushahidi kabla ya kuhukumu imemsaidia kuhifadhi roho ya mtu, na pengine roho hiyo ni ya bibi yake mwenyewe.

Wallahu a'lam.