Kitanda kinalia usiku? Kitengeneze, usihamie chini



Kitanda kikilia usiku, wa kwanza kuamka ni mtoto mchanga. Wa pili ni jirani, kwa sababu kati ya chumba na chumba mara nyingi kuna ukuta mwembamba wa udongo au shitingi peke yake. Mgonjwa anaogopa kugeuka, mzee anakaa macho mpaka alfajiri, na mume na mke wanaona haya ndani ya nyumba yao wenyewe. Mwishowe watu wengi wanakitoa kitanda nje, wanatandika mkeka chini na kusema kwamba angalau sasa watalala kimya.

Tunakuomba usifanye hivyo. Kelele ya kitanda inatengenezwa kwa asubuhi moja, na mara nyingi bila kununua kitu. Kulala chini kunaweza kuleta maradhi.

KWA NINI USILALE CHINI

Katika nyufa za sakafu ya udongo na chini ya kuta hujificha papasi. Mdudu huyu hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi kwenye ufa wake. Wengi wanaoumwa hawamwoni kabisa. Anaweza kukaa miaka bila kula akisubiri mtu wa kumuuma. Baadhi ya papasi hubeba homa inayopoa baada ya siku chache, halafu inarudi tena na tena. Wazee wa Maniema wanaujua mji wa Kasongo: ni huko ambako mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alikufa kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Homa ya papasi ni hatari zaidi kwa watoto wadogo na kwa mama mjamzito, ambaye anaweza kupoteza mimba.

Yuko pia funza wa sakafuni, anayenyonya damu ya watu waliolala kwenye mikeka. Huyu hawezi kupanda miguu ya kitanda. Ukilala juu, hakufikii.

Ongeza hapo unyevu wa msimu wa mvua, nyoka anayefuata panya, na chandarua kinachokanyagwa na kuchanika. Kitanda, hata kiwe cha miti ya kufunga kwa kamba, ni kinga ya afya.

TAFUTA KELELE INATOKA WAPI

Fanya kazi hii mchana. Toa godoro au mkeka, kisha bonyeza kila pembe ya kitanda kwa mikono miwili, moja baada ya nyingine.

• Mguu mmoja ukiinuka au kitanda kikiyumba, tatizo ni sakafu.
• Miguu ikitulia lakini kuna mlio, tatizo ni maungio.
• Kukiwa kimya mpaka godoro lirudishwe na mtu alale, tatizo ni chaga, yaani mbao au fito zinazobeba godoro.

Mara nyingi yote matatu huenda pamoja, lakini anza na sakafu. Kitanda chenye miguu minne kikiwekwa mahali pasipo sawa husimama juu ya mitatu, na wa nne unaning'inia. Kila unapogeuka kinayumba, na kuyumba huko ndiko kunakolegeza maungio. Ukikaza maungio na kuiacha sakafu, baada ya wiki chache kelele itarudi.

1. SAKAFU NA MIGUU

Usikate mguu unaoonekana mrefu. Ukikata mmoja, mwingine utaonekana mrefu, na kitanda kitaishia kuwa kifupi huku bado kinayumba. Sakafu ndiyo ya kurekebishwa.

Weka alama mahali pa kila mguu, kisha sogeza kitanda. Kwangua palipoinuka. Palipobonyea jaza udongo wa kichuguu, au udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Lowesha kidogo, shindilia vizuri, na uache ukauke kabisa kabla ya kurudisha kitanda. Udongo huo huo utumie kuziba nyufa za sakafu na za chini ya ukuta. Hapo unatengeneza kitanda na kumfukuza papasi kwa kazi moja.

Chini ya kila mguu weka kipande cha ubao au jiwe bapa, kipana kama kiganja. Mguu mwembamba unazama kwenye udongo laini. Kipande kipana kinagawa uzito. Usipange matofali mawili au matatu, kwa sababu yanaweza kuteleza usiku na kumwangusha mtoto.

Kama kitanda chako ni cha miti iliyochimbiwa ardhini, shindilia udongo kuzunguka kila mti na angalia kama mchwa wameanza kula chini. Mti ulioliwa ubadilishwe mapema.

Mvua zikiisha, kagua tena. Maji yakiingia ndani, sakafu italegea upya. Chimba mtaro mdogo nje ili maji yapite mbali na ukuta.

2. MAUNGIO

Kitanda hulia pale ambapo mbao mbili, au chuma na chuma, vinasuguana.

Kitanda cha chuma: kaza nati zote. Katikati ya vyuma vinavyosuguana weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa.

Kitanda cha mbao: ubao ukilegea kwenye tundu lake, chonga kabari nyembamba na uigongee pembeni mpaka ushike. Msumari uliolegea haushiki tena kwenye tundu lile lile hata ukiupigilia mara kumi. Ung'oe, jaza tundu kwa kijiti kikavu, ndipo upigilie tena.

Kama huna nyundo wala msumari, kata ukanda mrefu wa mpira wa baiskeli, uvute kwa nguvu na uzungushe kwenye ungio mara kadhaa kabla ya kufunga fundo.

Pale mbao zinapogusana, paka sabuni kavu ya mche au nta ya mshumaa.

Usiende porini kutafuta mti kwa ajili ya kabari. Waulize mafundi seremala wa sokoni. Vipande wanavyotupa vinatosha.

3. CHAGA

Fito zikicheza, zifunge kwa kamba au kwa ukanda wa mpira. Weka kitambaa kikuukuu pale zinapolala juu ya mbao za ubavu. Fito iliyopasuka itoe: inalia, na inachana godoro na chandarua.

KABLA HUJAKAZA, ANGALIA KUNGUNI

Maungio yaliyolegea ni nyumba ya kunguni. Ukiona madoadoa meusi au maganda madogo, mwaga maji yanayochemka ndani ya nyufa zote, ukiwa nje ya nyumba na watoto wakiwa mbali. Nguo za kulalia zifue kwa maji ya moto na uzianike kwenye jua kali. Kitanda kikikauka, ndipo ukaze. Rudia baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu mayai yaliyobaki huanguliwa.

TAHADHARI

• Usimwage mafuta ya taa wala petroli kwenye kitanda. Mshumaa mmoja unatosha kuunguza nyumba na za majirani.
• Usipulizie dawa ya mazao mahali pa kulala. Inaweza kuwadhuru watoto.
• Usipake oili chafu ya gari. Inaingia kwenye godoro na kwenye ngozi.

CHANDARUA KIRUDI MAHALI PAKE

Ukimaliza, hakikisha kitanda hakigusi ukuta. Ning'iniza chandarua chenye dawa na ukichomeke chini ya godoro pande zote. Kama umeinua miguu, angalia kwamba chandarua bado kinafika. Pinda kila msumari uliotokeza na lainisha vibanzi vya mbao, ili visikichane.

FIKA KITUO CHA AFYA MAPEMA

Mtu mwenye homa apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo, hasa mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito. Homa ikipoa kisha ikarudi, mwambie mhudumu ilianza siku gani, ilipoa lini, na kama ulikuwa unalala chini. Maelezo hayo yanamsaidia kufikiria homa ya papasi, ambayo inatibika.

Mwisho, mtazame jirani. Mzee anayeishi peke yake, mama aliyejifungua juzi au ndugu mwenye ulemavu huenda amelala chini mwezi mzima kwa kukosa mtu wa kugonga kabari moja. Vijana, mkisikia kitanda kinalia upande wa pili wa shitingi, msicheke. Asubuhi chukueni nyundo, mpige hodi.