Tuchague njia kwanza, chombo kitafuata

Mvua inaponyesha jijini Nairobi saa kumi na moja jioni, nauli ya kwenda Githurai au Kayole huweza kupanda maradufu kabla abiria hajafungua mwavuli. Mwenye fedha hulipa huku akinung'unika. Asiyekuwa nazo hukunja suruali akaanza safari kwa miguu. Ndipo mjadala wa siku zote huzuka upya: je, tununue mabasi makubwa, tuongeze magari ya moshi, au tujenge tramu, yaani yale magari ya umeme yapitayo juu ya reli zilizolazwa barabarani?

Msomaji asidhani kwamba reli za barabarani ni jambo geni kabisa hapa kwetu. Mapema katika karne ya 20, kisiwa cha Mombasa kilikuwa na vigari vidogo vya abiria vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa kwa nguvu za mikono ya watu. Magari ya mota yalipoenea, vigari hivyo vikatoweka. Hata London, jiji lililosifika kwa tramu zake, liliziondoa mwaka 1952, kisha zikarejea Croydon mwaka 2000. Kumbe chombo huweza kutupwa leo, kesho kikatafutwa kwa tochi.

Tramu ina sifa zake. Hubeba watu wengi kwa safari moja, haitoi moshi barabarani, na ikitunzwa huweza kudumu miaka 30 au zaidi. Hata hivyo, gharama ya kuijenga ni kubwa, na gari moja likiegeshwa vibaya juu ya reli, msafara mzima husimama. Basi ni rahisi kununua na hukwepa kizuizi, ila likiachwa katika msongamano huwa mfungwa kama magari mengine. Matatu hufika vichochoroni ambako basi haliwezi kupenya, lakini zahitajika matatu tano za viti 14 kubeba abiria 70, ambao basi moja kubwa lingewabeba.

Jirani zetu wametutangulia kujaribu. Addis Ababa ilizindua reli yake nyepesi ya umeme mwaka 2015, kwa mkopo kutoka China. Wananchi waliishangilia, lakini baadaye magari mengi yalikwama kwa kukosa vipuri. Dar es Salaam ilichagua mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni katika njia yao wenyewe. Huko nako upungufu wa mabasi umewafanya abiria wasongamane vituoni. Hata hivyo, basi likishapatikana, halina haja ya kugombania nafasi na magari ya watu binafsi.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Tatizo la Nairobi si uhaba wa vyombo. Mabasi ya Kenya Bus yalianza kazi mwaka 1934. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Mwaka 1986 yakaja mabasi ya Nyayo, ambayo hayakuumaliza mwongo uliofuata. Kila chombo kilipokelewa kwa vigelegele, kisha kikatumbukizwa katika foleni ile ile.

Mwaka 2018 barabara ya Thika ilichorwa mistari myekundu ili kuyatengea mabasi njia yake. Rangi hiyo ilififia kabla ya basi hata moja la mradi huo kuonekana. Mwaka 2022 tukafunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27, ambayo hutozwa ada na humfaa zaidi mwenye gari lake. Abiria wa kawaida alibaki chini, akitazama nguzo.

Wapo watakaosema kwamba kuyapendelea mabasi ni kuwanyang'anya riziki madereva na makanga. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Matatu hazina budi kupewa kazi ya kuwaleta abiria kutoka mitaani hadi kwenye vituo vikuu, na wenye matatu washirikishwe katika kampuni za mabasi tangu mwanzo, si kuitwa siku ya uzinduzi. Aidha, nauli na ijulikane mapema, isipandishwe na wingu.

Serikali ianze basi na jambo dogo lisilohitaji mkopo mkubwa: itenge njia moja katika kila barabara kuu, na askari ahakikishe kwamba hata gari la mheshimiwa haliingii humo. Tukishindwa kulinda njia ya basi, hatutaweza kulinda reli ya tramu.

Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Barabara pana tunazo. Kilichobaki ni nia, na mwananchi anayetembea kwa miguu kwenye matope ameingoja kwa muda mrefu mno.